Msinipikie Sufuria Yangu Peke Yangu

Ndugu zangu ambao hamkuweza kupanda mlimani Desemba hii, haya ndiyo maneno niliyosema kuhusu kisukari na presha kwenye mkutano wa ukoo, Kibosho, Kilimanjaro, baada ya Krismasi. Mmeyadai kwenye simu mpaka nimechoka, basi nimeyaandika yote yalivyotoka, mizaha na kukatizwa kwangu humohumo. Karatasi za michoro nilizotundika kwenye nguzo za turubai nimeziacha. Hazikuwa na kitu ambacho sikukisema kwa mdomo.

Mwenyekiti wa ukoo, wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na wake zenu, dada zangu mliorudi nyumbani na waume zenu, watoto na wajukuu, habari za kupanda?

Nimepewa nusu saa, na mwenyekiti ameshaniangalia kwa lile jicho lake. Kule nyuma kuna mbuzi motoni na harufu imefika mpaka hapa. Sina neno. Mwalimu wa hesabu aliyepangiwa kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana amezoea kufundisha watu wenye njaa.

Naanza na swali. Hapa chini ya turubai, nani ana baba, mama au ndugu wa tumbo moja mwenye kisukari au presha? Nyoosha mkono. Hatuandiki majina.

(Mikono ikanyooka karibu turubai zima. Walioiacha chini wengi wao walikuwa watoto ambao hawakuelewa swali.)

Haya, shusheni. Swali la pili, kwa waliomkuta babu na bibi. Nani kati yenu aliwahi kumwona babu akimeza kidonge cha sukari? Nani aliwahi kumsindikiza bibi kliniki ya presha? Kaka mkubwa, wewe ulilala chumba kimoja na babu. Uliwahi kuona?

(Kaka mkubwa akatikisa kichwa.)

Hakuna. Na sisi tunaokaa hapa tukisema "hii ni sukari ya ukoo, iko kwenye damu", damu tumeitoa wapi? Tumeitoa kwao. Iweje damu ileile iwaache waliotupa, ije ituvunje sisi tuliopewa?

Najua yupo anayesema moyoni: shangazi, babu hakupimwa, utajuaje? Swali zuri, ningempa maksi. Babu hakupimwa. Lakini vijiji vya wakati ule vilipimwa. Miaka ya 1980 madaktari wa Muhimbili, Donald McLarty na wenzake, waliingia kwenye vijiji 6 vya nchi hii wakapima sukari za watu zaidi ya 6,000. Majibu yalichapishwa 1989 katika jarida la Lancet: wenye kisukari hawakufika hata mtu 1 kati ya 100. Ukaja utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64, mjini na vijijini, ukakuta kama watu 9 kati ya 100. Mwalimu wa hesabu lazima aseme ukweli wake hapa: umri wa waliopimwa haukuwa sawa na vipimo havikuwa vilevile, kwa hiyo msitoke hapa mkitangaza kwamba ugonjwa umeongezeka mara tisa kamili. Lakini kutoka 1989 hadi 2012 ni miaka 23. Ndani ya miaka 23 damu ya taifa haibadiliki. Kinachobadilika ni kinachoingia mdomoni, na miguu inayoacha kutembea.

Sisemi damu haina neno. Ina neno, tena kubwa. Madaktari wanakadiria kwamba mzazi mmoja akiwa na kisukari cha ukubwani, uwezekano wa mtoto kukipata maishani mwake ni karibu 40 kwa 100. Wazazi wote wawili wakiwa nacho, unakaribia 70. Baba alikuwa nacho. Mama anacho. Mimi na kaka zangu na dada zangu ndio hao wa 70. Lakini sisi ni watu wa mlimani, jamani. Damu ya ukoo ni mteremko, inakuonyesha maji yatataka kupita wapi. Wazee wetu walipouona mteremko walifanya nini? Walikaa wakalia? Walichimba mfereji.

Sasa nataka niwapeleke nyumbani kwa baba, kwa sababu huko ndiko mambo yalikogeukia.

Baba alikuwa karani wa chama cha ushirika wa kahawa. Alishuka Moshi mjini na suti moja na kalamu mbili, na kila alichokula kuanzia siku ile kilikuwa cheti cha kwamba amefika. Unga mweupe uliokobolewa mpaka ukang'aa. Mkate mweupe na siagi. Wali, tena wali wa jioni siku ya kazi, si wali wa sikukuu. Chai ya maziwa ambayo kijiko kikisimama ndani yake ndiyo imekolea sukari. Na kiburu je? Nyumbani kwetu kiburu kilipikwa mshahara ulipochelewa. Mama akichemsha ndizi na maharage tulijua mwezi una kona. Ndiyo maana tulikua tukidhani ndizi na maharage na mnafu ni chakula cha ukata, na soda ni chakula cha heshima. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Tulifundishwa na tarehe ya mshahara.

Mnajua alivyomaliza baba. Alikuwa hajafika 60, kidole cha mguu kikaanza kidogo, kikaja kukatwa, kisha mguu chini ya goti. Ndugu yake aliyemfuata akapigwa kiharusi akiwa kwenye kikao cha harusi. Wa tatu yalikuwa macho. Wote watatu ni wale waliofanikiwa. Yule wa nne, tuliyekuwa tukimcheka kwamba amebaki kihambani, kwenye shamba la ukoo, na majembe yake, ndiye tuliyemzika mwisho, naye alikuwa akipanda mpaka shamba la juu kwa miguu yake.

Mmelielewa hilo? Sukari haikuingia ukoo huu kwa mlango wa umaskini. Iliingia kwa mlango wa sherehe, tukaipokea kwa vigelegele.

Niseme kidogo kuhusu ule unga, halafu nipite. Mahindi yakipita kwenye kinu cha kukoboa yanavuliwa pumba na kiini, na humo ndimo nyuzinyuzi na virutubisho vingi vilimokuwa. Kinachobaki ni wanga ulioachwa uchi, unakimbilia kwenye damu. Dona inakwenda taratibu zaidi. Lakini dona nayo ni ugali! Kuna watu wamehamia dona wakaongeza tonge, wakidhani ni dawa. Ndizi nazo ni wanga. Kipimo kinabaki kipimo.

Sasa niwape habari ambayo ingekuwa imetoka Ulaya mngekuwa mmeshaisambaza kwenye kila kundi la simu. Hapa Moshi, watafiti wa hospitali ya KCMC pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua vijana wa kiume 77 wa mkoa huu huu wa Kilimanjaro, wenye afya zao. Wa kijijini wakalishwa chakula cha mjini kwa wiki 2, vya kukaanga, mkate mweupe, vya kiwandani. Wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha kijijini: ndizi, maharage, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa. Matokeo yalichapishwa Aprili 2025 katika jarida la Nature Medicine. Waliohamishiwa chakula cha mjini, damu zao zilionyesha dalili za uvimbe wa ndani kwa ndani, ule unaotangulia magonjwa ya moyo na kisukari, na kinga zao zikapungua makali. Waliorudi kwenye chakula cha kijijini, uvimbe ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki 4 baadaye. Wiki 2 tu! Hawakuwa wagonjwa, walikuwa vijana, wote wanaume, kwa hiyo haituambii kila kitu kuhusu mama wa miaka 54 kama mimi. Lakini inatuambia kwamba mwili unasikia haraka kuliko tunavyodhani.

Na kundi jingine katika utafiti huohuo lilipewa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, nalo likaonyesha nafuu.

(Vicheko na makofi upande wa baba wadogo. Ilibidi nisubiri.)

Nilijua. Nilijua baba wadogo wataondoka hapa na sentensi moja tu. Baba mdogo, ile mbege ilipimwa na watafiti. Haikupimwa kwa debe.

Nirudi kwenye umri wetu, kwa sababu niliombwa niseme na sisi wa makamo hasa. Kwa nini ugonjwa unatukamata kwenye 40 na 50? Daktari atakwambia misuli inapungua, tumbo linaongezeka, tunakaa zaidi. Sawa. Mimi naongeza la kwangu. Huu ndio umri ambao watu wanaanza kukulisha kwa heshima. Ukiwa kijana unakula ulichokipata. Ukifika makamo wewe ni mjumbe wa kamati ya harusi, wewe ni mzazi wa ubatizo, wewe ni mgeni rasmi wa mahafali. Kijana akipewa paja la mbuzi ni bahati yake. Mtu mzima akipewa paja la mbuzi ni heshima, na heshima hairudishwi sahani. Nani hapa anaweza kumwambia mama mkwe wake "nimeshiba"?

Na mwili wenyewe tumeufanya kitabu cha hesabu za benki. Ukinenepa: "Umependeza! Dar imekupokea!" Ukipungua: "Vipi, kuna tatizo nyumbani? Shemeji anakutesa? Umepima?" Mimi nilipopungua nilipigiwa simu na watu wa ukoo huu, wamekaa hapa wananitazama. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninameza "zile dawa". Mwingine alisema ataniombea. Nilimshukuru kwa maombi, nikamwambia ninakula maharage.

Ilianzaje? Walikuja wapimaji shuleni kwetu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikasoma milimoli 6.6 kwa lita. Kisukari kinatajwa kuanzia 7. Presha 148 kwa 94. Yule dada aliyenipima akaniuliza: nyumbani nani anacho? Nikaanza kutaja. Nilipofika kwa mtu wa tano akaweka kalamu chini, akasema: mwalimu, uko mlangoni, lakini bado hujaingia.

Mwalimu wa hesabu akiambiwa hivyo anatafuta namba. Nikazitafuta. Marekani walifanya utafiti wa watu zaidi ya 3,200 waliokuwa mlangoni kama mimi, wastani wa umri wao miaka 51. Ukachapishwa 2002. Kundi moja likapewa kidonge, jingine likafundishwa kula na kutembea. Kidonge kilipunguza waliopata kisukari kwa asilimia 31. Kula na kutembea, kwa asilimia 58. Na waliovuka miaka 60 ndio waliofaidika zaidi, asilimia 71! Wafini walikuwa wamepata 58 ileile mwaka mmoja kabla, kwa watu wa makamo vilevile. Mnasikia, mnaosema "mimi nimeshazeeka, nitabadilika nini"?

Na walitakiwa kufanya nini? Kupunguza uzito kwa asilimia 7 tu, na kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Chukueni simu zenu tupige hesabu. Mwenye kilo 80, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu na kidogo. Hamjaambiwa muwe wembamba kama wasichana wa matangazo. Ni kilo 5 na nusu. Dakika 150 ni nusu saa, siku 5. Kutoka hapa mpaka kanisani na kurudi, kwa mlima huu, umemaliza.

Mnataka kujua ninakula nini. Wanawake ndio mnaouliza, wanaume mnasubiri mbuzi. Nianze na asubuhi. Chai yangu haina sukari, ina tangawizi na mdalasini. Mwanzoni ni chungu, sikudanganyi. Ulimi unazoea. Pale palipokuwa na chapati mbili pana kiazi kitamu kimoja cha kuchemsha au uji wa ulezi, na yai. Mchana sahani yangu ninaipakua hivi: kwanza mnafu au mchicha au kabichi, mpaka nusu ya sahani imejaa. Kisha maharage au dagaa au kipande cha nyama. Ugali au ndizi unaingia mwisho, unakuta nafasi imebaki robo. Angalieni mnavyopakua ninyi: ugali unatangulia, unajenga mlima, mboga inatafuta pa kuegemea. Ni vyakula vilevile, nyumba ileile. Tofauti ni nani ametangulia kwenye sahani.

Kiburu kimerudi mezani kwangu, na si mwisho wa mwezi. Ila wifi zangu, magadi punguzeni. Magadi yana sodiamu, na sodiamu ndiyo ile ya kwenye chumvi inayopandisha presha. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa mtu kwa siku. Ni kijiko kimoja cha chai, bapa, kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na kwenye vile vidonge vya kuungia mchuzi. Pale nyumbani nilifanya jambo moja dogo: kikopo cha chumvi kilitoka mezani kikarudi jikoni, juu ya kabati. Anayeitaka anyanyuke. Mume wangu alinyanyuka kwa muda, kisha goti lake likamshauri vizuri.

Na presha haitaki kunyimwa tu, inataka kupewa pia. Mwaka 1997 Wamarekani walichapisha utafiti wa watu 459. Waliolishwa matunda kwa wingi, mboga, maharage, karanga na maziwa yasiyo na mafuta mengi, ndani ya wiki 8, wale wenye presha ilishuka ile namba ya juu kwa kama 11. Bila kupunguza chumvi wala uzito. Chakula tu. Someni orodha ile polepole: matunda, mboga, maharage, maziwa. Nilipoisoma niliona jiko la bibi, limevaa koti jeupe la maabara.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonisimamisha hapa. Kama mnasinzia, amkeni.

Kuna nyumba mbili katika ukoo huu, sizitaji. Nyumba ya kwanza, baba aligundulika na sukari. Mke wake, kwa upendo wote, akanunua sufuria ndogo. Sufuria ya baba. Baba akapikiwa humo mchicha usio na chumvi, dona yake, maharage yake. Pembeni familia inakula wali, kuku wa kukaanga, soda ya Jumapili. Watoto wakicheka mezani, baba amekaa na bakuli lake kama mtu aliyewekwa karantini. Hamwezi kuamini alidumu kwa muda mfupi kiasi gani. Akaanza kula nje. Supu na chapati asubuhi stendi, chipsi mayai jioni, akirudi nyumbani anakaa mbele ya sufuria yake ndogo anachokoa, mkewe anasema "maskini, hana hamu ya kula". Sukari ilipanda mpaka akalazwa.

Nyumba ya pili, mama ndiye aliyegundulika. Mume wake akauliza swali moja: wewe ukila hiki, sisi tukila hiki, kitatuua? Akaambiwa hapana. Akasema basi kipikwe kimoja. Sufuria kubwa ileile, chakula kimoja, mgonjwa na wazima. Watoto walinuna. Mmoja alitishia kuhamia kwa shangazi yake, ambaye ni mimi, kwa hiyo asingepata nafuu yoyote. Walizoea. Na fikirini: wale watoto ndio wanaobeba damu ileile. Sufuria kubwa ilimtibu mama na ikawakinga wao kwa mkaa uleule.

Msimpikie mgonjwa sufuria yake peke yake. Nikija kuumwa mimi, msinipikie sufuria yangu peke yangu. Ukimtenga mtu kwenye chakula umemtenga kwenye ukoo. Atakapochagua kati ya sukari yake na watu wake, atachagua watu wake, na mimi simlaumu.

Hilo linakuja mpaka hapa, kwenye mikutano hii. Jana nilifuatana na mdogo wangu kusalimia. Tuliingia nyumba tano. Kila nyumba soda, inafunguliwa kabla hujajibu, ili usikatae. Njoo hapa mjukuu wangu, leta kile kikombe na sukari. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Hesabu kwa sauti.

(Mtoto akahesabu, turubai zima likaitikia. Alipofika sita mtu mmoja akasema "basi, imetosha". Aliendelea mpaka tisa. Kikombe kikapitishwa mkono kwa mkono.)

Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 12 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ingefaa zaidi iwe 6. Mdogo wangu alikunywa chupa tano kati ya saa nne na saa kumi. Na ana umri wa miaka 47, baba yake ni baba yangu. Waliomfungulia walimpenda. Ndiyo shida yenyewe.

Mimi ninajitetea hivi, mchukue mkitaka. Ninapiga simu kabla: "Wifi, nakuja, naomba unichemshie maji ya tangawizi na unitafutie parachichi." Mwenyeji hataki kukunywesha soda, anataka kukukirimu. Mpe njia nyingine ya kukukirimu na hatakasirika. Na chakula ninaomba nipakue mwenyewe. Mmoja alinuna. Mwaka uliofuata alinitengea mtori mwembamba, nyama isiyo na mafuta, bila kuambiwa.

Neno la mwisho lenye uzito. Dawa. Waliokwisha kuingia mlangoni, msikate tamaa. Uingereza, 2017, ulichapishwa utafiti wa watu ambao kisukari chao hakikuwa kimezidi miaka 6. Walipunguzwa chakula sana, chini ya uangalizi wa wahudumu wa afya, na baada ya mwaka mmoja 46 kati ya 100 sukari zao zilikuwa zimerudi chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Baada ya miaka 2 walibaki kama 36. Kwa hiyo inawezekana, si kwa wote, na inaweza kurudi. Lakini tusikilizane vizuri! Dawa iliondolewa na madaktari. Mjomba wetu upande wa mama alibadilisha chakula, akajisikia mwepesi, akauziwa na majani fulani kwenye chupa, akaacha vidonge vyake kimyakimya. Presha haiumi, kwa hiyo hakujua. Leo upande wake wa kulia haufanyi kazi. Badilisha chakula, endelea na dawa, pima, mpe daktari namba zako, yeye ndiye apunguze. Hasa mnaochoma insulini au mnaomeza vidonge vya kushusha sukari: ukipunguza chakula ghafla bila kumwambia, sukari inaweza kushuka ukaanguka. Mtu anayehitaji dawa hajashindwa chochote.

Mwenyekiti, naomba mambo matatu yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Desemba ijayo kiburu na mnafu vipikwe kwenye sufuria kubwa ya kwanza, na wali kwenye ndogo. Maji na parachichi vitangulie mezani, kreti za soda zibaki stoo mpaka mtu aziulize mwenyewe. Na kipimo cha sukari na cha presha vinunuliwe kwa mfuko wa ukoo, vikae hapa kwa kaka mkubwa, bei yake haifiki ya mbuzi wa leo.

(Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Baba mdogo akauliza kuhusu mbege. Ikakubaliwa ibaki, kwa kikombe.)

Nimemaliza, nendeni kwa mbuzi wenu. Lakini kabla ya mbuzi, binti yetu muuguzi ameweka meza chini ya mparachichi. Ambaye hajala wala kunywa chochote tangu jana usiku aende kwanza, namba yake isomwe kwa kipimo cha 7. Mliokunywa chai mwambieni, kwa sababu yenu inasomwa tofauti, inayoshtua ni ile ya 11 na zaidi, na hata hiyo inarudiwa hospitali kabla ya kuitwa kisukari. Wa presha mkae kwenye benchi dakika tano, kimya, msibishane siasa wala mipaka ya kihamba, maana mtapata namba ambayo si yenu. Kaka mkubwa, wewe ndiye wa kwanza. Jina lako nimeshaliandika.